Umevunjika Mguu, Umerudishwa Nyumbani: Anza na Choo, Barabara Baadaye

Sipiti mtaani kwetu Tandika, Dar es Salaam, bila mtu kunisimamisha. "Dada, si wewe uliyevunjika mguu? Mdogo wangu katolewa wodini juzi, kapewa magongo, hajui hata aanzie wapi." Kisha yanafuata maswali yaleyale. Atakanyaga lini? Choo cha kuchuchumaa ataingiaje? Akandwe au asikandwe? Mbona kwapa zinamuuma kuliko mguu wenyewe? Nimeyajibu sokoni, nimeyajibu msibani, nimeyajibu mguu mmoja ukiwa kwenye daladala na konda anapiga bati. Sasa nimeyaandika.

Mimi si daktari. Ni fundi cherehani. Niligongwa nikiwa abiria wa bodaboda, nikavunjika mifupa yote miwili ya mguu wa kulia chini ya goti, nikawekewa chuma cha ndani, nikatembelea magongo miezi minne. Humu nimeweka niliyofundishwa na mtaalamu wa mazoezi tiba, pamoja na niliyojifunza kwa kuanguka. Ni kwa ajili ya aliyevunjika mguu mmoja, iwe paja, ugoko au kifundo, huku mikono na mgongo ni mizima. Aliyeumia uti wa mgongo, aliyebadilishiwa nyonga au aliyevunjika miguu yote miwili asifuate hapa. Yake yana taratibu nyingine.

Wagonjwa wengi wanahesabu kupona kwa umbali: leo nimefika getini, kesho nafika dukani kwa Mangi. Mimi nasema hesabu kwa choo. Siku utakapokwenda haja bila kumwita mtu, hata kama barabarani hujafika, nusu ya utu uzima wako umerudi. Ndiyo maana hatua za humu zimepangwa hivi.

Kabla ya kuanza

Kitu cha kwanza hakinunuliwi. Usiondoke kliniki bila kuuliza: "Mguu huu naruhusiwa kuukanyagia kiasi gani, na mpaka lini?" Majibu huwa ni mojawapo ya manne: usikanyage kabisa; gusisha chini tu bila kuweka uzito; weka sehemu ya uzito, kwa mfano kilo 20; au kanyaga kadiri maumivu yanavyoruhusu. Omba liandikwe kwenye kadi. Watu wawili waliovunjika mahali pamoja wanaweza kupewa majibu tofauti kabisa, maana mmoja mfupa umekatika mara moja na mwingine umesagika. Kwa hiyo jirani akikwambia "mimi wiki ya pili nilishakanyaga", mpongeze, wewe baki na lako.

Vingine ni hivi:

- Magongo mawili, mipira ya chini ikiwa mizima.
- Kiatu kimoja cha kufunga kisigino, raba inatosha, kwa ajili ya mguu mzima. Ndala zipumzike.
- Kiti cha plastiki chenye mikono cha kukalia, na viwili vingine vya zamani vya kutengenezea choo.
- Khanga mbili.
- Begi dogo la mgongoni.
- Simu ya kuning'iniza shingoni. Ukianguka uani saa nane mchana watu wakiwa kazini, ndipo utakapojua kwa nini.
- Ndoo yenye mfuniko.

Na kitanda. Kama unalalia godoro chini, tafuta namna ya kulipandisha hadi usawa wa goti, hata kwa kuazima kitanda cha mtu. Kunyanyuka kutoka sakafuni kwa mguu mmoja ni kazi ya mwanasarakasi.

Hatua ya 1: Safisha njia

Kaa kitandani, tazama njia kutoka ulipo hadi chooni. Mkeka, zulia, waya wa feni, viatu mlangoni, beseni kwenye korido: vyote viondoke. Kwetu wapangaji ni sita na korido ni moja, ikabidi nizungumze na kila mlango. Sakafu yenye maji ndiyo adui mkubwa. Anayepiga deki akuambie kabla.

Hatua ya 2: Pima magongo kwa mwili wako

Magongo ya kuazima karibu kila mara ni marefu mno. Vaa kile kiatu chako, simama wima ukiegemea ukuta, mtu akushike. Weka ncha za magongo pembeni mwa miguu na mbele kidogo, kama sentimita 15 kila upande. Sasa angalia mambo mawili. Kati ya kwapa na kichwa cha gongo viingie vidole viwili hadi vitatu vilivyolala. Na mshikio uwe usawa wa kifundo cha mkono ukiwa umeuning'iniza, ili ukiushika kiwiko kikunjike kidogo tu.

Ya alumini yana matundu na vitufe vya kurekebishia. Ya mbao mpelekee seremala akate, apunguze kidogo kidogo. Mpira ukiisha, nenda kwa fundi wa makatambuga akukatie kipande cha tairi, akipigilie misumari yake ndani vichwa visiguse sakafu.

Hapa ndipo kosa kubwa kuliko yote linapofanyika: kuning'inia kwa kwapa. Kichwa cha gongo kinabanwa kwenye mbavu, hakikaliwi. Uzito unabebwa na viganja. Kwapani kunapita mishipa ya fahamu ya mkono. Ukiikandamiza kila siku mkono unaanza ganzi, na wapo wanaofika mahali wanashindwa kuinua kiganja. Umevunjika mguu, usijitafutie na mkono.

Hatua ya 3: Mazoezi ya kitandani

Haya yanaanza hata kabla ya kutembea, ilimradi daktari wako hakukukataza. Ni ya bure na ndiyo yanayorukwa kuliko yote.

Chezesha kifundo: vuta vidole vya mguu kuelekea usoni, kisha visukume mbali. Mara 20 kila saa ukiwa macho, miguu yote miwili. Kama kifundo kimo ndani ya plasta, lile hogo, chezesha vidole tu. Zoezi hili linasukuma damu isilale kwenye kigimbi ikaganda.

Kaza paja: kunja khanga iwe duara, iweke chini ya goti, ikandamize kwa nyuma ya goti ukihesabu moja hadi tano, achia. Mara 10, mara tatu kwa siku. Misuli ya paja inanyauka upesi ajabu. Baada ya wiki tatu paja langu lilikuwa kama la mtoto wa darasa la nne, nikalia.

Nyanyua mguu ulionyooka, kimo cha kiganja kutoka kitandani, hesabu tano, ushushe taratibu. Kama huwezi, usilazimishe, rudi kukaza paja kwa siku kadhaa.

Telezesha kisigino: vaa soksi, vuta kisigino kuelekea makalio goti likunjike, kisha nyoosha. Hili si la mwenye plasta iliyopita goti.

Khanga ya pili inazungushwa kwenye unyayo kama hatamu. Shika ncha zake mbili, vuta unyayo uje kwako, hesabu hadi 20. Bila hili kifundo kinakauka kikiwa kimeelekea chini, na siku ya kukanyaga kisigino hakifiki sakafuni. Mwenye plasta kwenye kifundo halimhusu kwa sasa.

Onyo la mto: ukiinua mguu ili uvimbe ushuke, mto ukae chini ya kigimbi na kisigino, usikae chini ya goti. Goti likilala limekunjwa wiki nzima linazoea, na kulinyoosha tena ni machozi.

Hatua ya 4: Kunyanyuka na kuketi

Kiti kiegemee ukuta. Sogea hadi ukingoni. Mguu mgonjwa tanguliza mbele, mzima uvute nyuma karibu na kiti. Magongo yote mawili yashike kwa pamoja, kwenye mishikio, kwa mkono wa upande wa mguu mgonjwa; mkono mwingine usukume mkono wa kiti. Nyanyuka kwa mguu mzima. Simama, pumua, hesabu kumi. Kizunguzungu cha siku za mwanzo ni kawaida kwa aliyelala muda mrefu, kikizidi, keti.

Kuketi ni hayohayo kinyumenyume: rudi nyuma hadi uguse kiti kwa nyuma ya mguu mzima, ndipo ushuke. Usikitafute kiti kwa makalio.

Hatua ya 5: Kutembea

Tanguliza magongo na mguu mgonjwa kwa pamoja, urefu wa futi moja mbele. Kandamiza viganja. Kisha mguu mzima ufuate. Basi. Kama huruhusiwi kukanyaga, mguu mgonjwa unaelea tu kati ya magongo, goti limekunjwa kidogo.

Tazama mbele hatua tatu, usitazame vidole. Siku ya kwanza tembea kitandani hadi mlangoni na kurudi, mara tatu au nne, mtu akiwa nyuma yako upande wa mguu mgonjwa ameshika khanga uliyojifunga kiunoni. Asikushike mkono! Akikushika mkono amekunyang'anya gongo.

Hatua ya 6: Choo

Hospitali wanakufundisha kutembea kwenye korido ya marumaru, halafu unarudi kwenye choo cha shimo nje ya nyumba. Tulipange.

Choo cha kukaa ni rahisi, fuata hatua ya 4. Shida ni cha kuchuchumaa, kwa sababu kuchuchumaa kwa mguu mmoja hakuwezekani, na ukijaribu utakanyagia mguu uliokatazwa. Dawa yake ni kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati. Toboa kwa msumeno mwembamba au kisu kilichopashwa moto, tundu liwe pana mbele kuliko nyuma ili upate pa kupitisha mkono wa kujisafisha. Ukingo wa tundu unakata, kwa hiyo pasua kipande cha mpira wa maji kwa urefu, ukivishe ukingo mzima. Viti hivi vyepesi miguu yake hutanuka kwenye sakafu yenye maji, basi toboa viwili sawasawa na uvipachike kimoja ndani ya kingine. Nyuma kiguse ukuta. Kabla ya kukikalia mwenyewe, mwambie mtu mzito kuliko wewe akijaribu. Kwetu alijaribu shemeji, kwa vicheko vya uwani kote, lakini kilihimili.

Mengine ya chooni:

- Kopo la maji liwe juu ya stuli upande wa mkono unaotumia, si chini sakafuni. Kuinama kuchukua kopo ndiko kunakoangusha.
- Mlango usiufunge kwa komeo. Ning'iniza khanga nje. Nyumba nzima itajua kuna mtu.
- Magongo yasimamishe pembeni ukiwa umeyageuza, kichwa chini. Yakisimama kwa mipira yanateleza na kuangukia mbali.
- Usiku usitoke. Ndoo yenye mfuniko chini ya kile kiti cha tundu, chumbani, na asubuhi inamwagwa. Aibu ya ndoo ni ndogo kuliko aibu ya kuokotwa uani saa tisa.

Na kama choo chenyewe hakitoki: dawa kali za maumivu kama tramadoli hufunga choo, na kulala muda wote kunaongezea. Maji mengi, papai, mboga za majani, na ile safari ya kwenda na kurudi mlangoni. Ikifika siku nne kimya, mwambie daktari.

Hatua ya 7: Kuoga, na ibada

Oga umeketi, kiti ndani ya bafu, ndoo juu ya stuli. Mguu wenye plasta au kidonda utoe nje ya eneo la maji, uulaze kwenye kiti kingine, uuvishe plastiki na kufunga kwa mpira juu ya plasta. Tangu mifuko ya rambo ipigwe marufuku Juni 2019 plastiki nzuri imekuwa kazi kupata. Mimi nilitumia ule mfuko wa ndani ya gunia la sukari. Plasta ikilowa inalainika na ngozi ya ndani inaoza, kwa hiyo ikilowa rudi hospitali ibadilishwe. Ikiwasha, pigapiga kwa nje. Usichokonoe ndani kwa kijiti wala waya: kidonda kilichofichwa ndani ya plasta hukioni hadi kinuke.

Kuswali kwa kuketi kitini kunajuzu kwa mgonjwa, na juu ya plasta mkono wenye maji hupanguswa tu badala ya kuosha. Ukiwa na shaka, muulize shehe wako, lakini usijilazimishe kusujudu sakafuni.

Hatua ya 8: Kizingiti na ngazi

Kupanda: mguu mzima kwanza, halafu magongo na mguu mgonjwa. Kushuka: magongo na mguu mgonjwa kwanza, halafu mzima. Mzima ndiye anayefanya kazi ya kunyanyua na kushusha mwili, ndiyo sababu yeye hupanda wa kwanza na kushuka wa mwisho. Anza na kizingiti kimoja cha mlango. Ngazi za ghorofa kama zinakutisha, panda na kushuka kwa makalio, ngazi moja moja. Hakuna atakayekuandika gazetini.

Hatua ya 9: Kula, kupika, kubeba

Mwenye magongo hana mikono. Chai weka kwenye chupa yenye kifuniko, chupa kwenye begi la mgongoni, unywe ukishafika. Jiko la mkaa liko chini mno na huwezi kulikwepa likipinduka, waachie wengine. Mtungi mdogo wa gesi wenye jiko juu yake uko usawa mzuri kwa aliyeketi kwenye kiti cha kawaida, mguu ukiwa umeelekezwa pembeni usije ukaupiga teke. Chambua mchele, kata vitunguu, kunja nguo. Fanya, hata wakikuzuia. Watakuzuia kwa mapenzi. Mama yangu aliniletea hadi maji ya kunawa kitandani kwa wiki tano, na nilipomwomba aache alinuna siku mbili. Mpangie kazi nyingine anayekupenda: akuhesabie mazoezi.

Chakula: mayai, maharage, dagaa, maziwa, samaki, matunda. Supu ya kongoro kunywa kama unaipenda, ni tamu, ila haigandishi mfupa kuliko maharage. Sigara inachelewesha mfupa kuunga. Hilo halina mjadala.

Hatua ya 10: Kutoka nje

Chagua bajaji kwa kwenda kliniki. Ingia kwa makalio kwanza, kisha vuta miguu. Daladala subiri saa zisizo na watu, mwambie konda kabla hajaanza kukusukuma, omba kiti cha mbele karibu na dereva. Kwa Dar, mwendokasi una unafuu mmoja: kituo kimeinuliwa usawa na mlango wa basi, hupandi ngazi, ukishafika kituoni. Asubuhi na jioni lakini, achana nao. Bodaboda hapana. Nimeulizwa mara nyingi, jibu ni hapana.

Hatua ya 11: Kuanza kukanyaga

Eksirei imepigwa, daktari kasema weka kilo 20. Kilo 20 zikoje mguuni? Tafuta mizani, hata ya wale vijana wanaopima watu pembezoni mwa barabara. Weka mizani chini ya mguu mgonjwa, na chini ya mguu mzima weka ubao au vitabu vya kimo kilekile. Ukiwa kwenye magongo, kandamiza polepole hadi mshale ufike 20. Ondoa, rudia, rudia tena, kisha fanya bila kutazama na umwombe mtu asome. Wengi hudhani wameweka kilo 20 kumbe ni 45. Wengine wanaogopa, hawafiki hata tano.

Kanyaga kisigino kwanza, kisha unyayo, kisha vidole. Usitembelee vidole kama unanyatia kuku.

Kipimo cha kesho yake: kama asubuhi inayofuata mguu umevimba au unauma kuliko jana, jana ulizidisha. Punguza nusu, usiache kabisa.

Hatua ya 12: Gongo moja, fimbo, mikono mitupu

Ukiruhusiwa kuweka uzito wote, acha gongo moja. Lipi? Linabaki la upande wa mguu mzima. Najua inaonekana kinyume, na kila mzee wa mtaani atakusahihisha. Mwache. Ukikanyaga mguu mgonjwa, gongo la upande wa pili linakwenda nao na kugawana nao uzito, mwili haupindi. Fimbo nayo ni hivyohivyo.

Unaacha fimbo siku unapotembea bila kuchechemea. Kuchechemea bila fimbo si ushujaa, ni kujifundisha mwendo mbovu ambao utakaa na wewe hata mfupa ukipona. Jifunze kusimama kwa mguu uliovunjika pekee ukiwa umegusa ukuta, wakati wa kupiga mswaki, hadi ufike sekunde 30. Mimi mazoezi ya mwisho nilifanyia kwenye cherehani ya kukanyaga: dakika tano, baadaye kumi, baadaye shati zima.

Acha kila kitu, nenda hospitali sasa

- Kigimbi cha mguu mmoja kimevimba, ni cha moto, kinauma ukikigusa. Usikikande. Inaweza kuwa damu imeganda, na kuikanda ni kuisukuma.
- Pumzi inakatika ghafla au kifua kinachoma.
- Maumivu ndani ya plasta yanazidi kila saa, dawa haisaidii, vidole vimekufa ganzi, vimepauka au ni vya baridi. Hili halisubiri asubuhi.
- Homa, usaha, au harufu mbaya kwenye kidonda.
- Umeanguka na umesikia mlio, au mguu umepinda.

Mambo yakienda kombo

*Niende nikandwe kwa maji ya moto na mafuta?* Mahali palipovunjika, hapana, wala kuvutwa na kunyooshwa na mtaalamu wa kienyeji. Mfupa unaoanza kuunga ukivutwa unaachia. Shangazi yangu alikuja na sufuria ya majani kutoka Morogoro. Tulimkaribisha, akaukanda ule mguu mzima, usiovunjika, kila mtu akaridhika.

*Mkono unakufa ganzi.* Rudi hatua ya 2. Siku tano bila nafuu, muone daktari.

*Viganja vina malengelenge.* Zungushia mishikio sponji na kitambaa, kaza kwa uzi.

*Mguu unavimba kila jioni na kuwa mwekundu-zambarau ukiuning'iniza.* Kwa miezi ya mwanzo ni kawaida kama unashuka ukilala na kuuinua juu ya usawa wa moyo. Punguza muda wa kukaa umeuning'iniza.

*Nimeanguka, sijaumia, nanyanyukaje?* Usivutwe mikono. Jiburute kwa makalio hadi kwenye stuli fupi au ngazi, ipe mgongo, weka viganja juu yake, kunja mguu mzima, jisukume hadi uketi. Kutoka hapo panda kiti kirefu zaidi.

*Goti halinyooki.* Keti kitini, kisigino juu ya kiti kingine, goti likiwa hewani bila mto, dakika kumi mara tatu kwa siku. Wiki mbili bila badiliko, omba rufaa ya mazoezi tiba. Muhimbili kwenye Taasisi ya Mifupa, hospitali za CCBRT Dar, KCMC Moshi na Bugando Mwanza wana vitengo hivyo, na hospitali nyingi za mikoa pia.

*Vyuma vitatolewa lini?* Huenda visitolewe kabisa. Chuma kirefu cha ndani ya mfupa kinaweza kukaa maisha yote kama hakisumbui. Aina moja inayotumika sana kwetu hutoka kwa shirika la SIGN la Richland, Marekani, na ilibuniwa ili daktari aweze kuifunga skrubu hata pasipo mashine ya eksirei chumba cha upasuaji. Wakati wa baridi ya Julai changu nakisikia. Kinaniambia salamu, basi.

*Nimekata tamaa, silali.* Mwambie mtu, na mwambie daktari pia. Mwezi wa pili ndio mbaya: wageni wamepungua na mguu bado.

*Nimepona, magongo niyapeleke wapi?* Mpe mwingine, ila mpime upya kwanza. Yangu yameshatembelewa na watu watatu. Sasa yuko nayo kijana mpakia mizigo wa Tandika sokoni, mrefu kuliko mlango wangu. Nimebadilisha mipira na kuyavuta hadi tundu la mwisho.